Wamesema nna unga kwenye mkojo, nami nameza dawa za TB

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni dereva, mkaazi wa Wete, umri wangu miaka 34. Nimeitwa kazi ya gari la kontena Unguja, kutoka bandarini Malindi kupeleka maghalani. Barua ya sheha nnayo, leseni nnayo, na gari nimejaribiwa nimefaulu. Siku ya mwisho tukapewa vikopo tukojoe. Mkojo wangu ulikuwa rangi ya chungwa, bwana aliyepokea akanitazama vibaya. Akatumbukiza kidude cha plastiki, akasema hapa mstari haukutoka, wewe unatumia unga. Nikarudishwa nyumbani. Wallahi mimi hata sigara sivuti. Ila nameza dawa za TB, mwezi wa nne huu, na wiki ile nilibanwa na kikohozi nikanunua dawa ya maji dukani. Ofisini sikuitaja TB, niliona haya. Je, dawa hizi ndizo zilizonitia matatani? Na niziache kwanza mpaka nipimwe tena?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Usiziache. Dawa za TB ya kawaida humezwa miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne na minne inayofuata dawa mbili, na wewe umeshavuka nusu ya safari. Ukikatisha sasa unampa mdudu nafasi ya kuizoea dawa, na TB iliyozoea dawa ni ugonjwa mwengine kabisa, wenye vidonge vingi zaidi na muda mrefu zaidi. Kazi ya lori itapatikana tena. Kwa hiyo chochote nitakachokwambia hapa chini, soma ukiwa umeshameza kidonge chako cha leo.

Sasa hiyo rangi. Mwezi wa nne wewe uko kwenye vidonge vyenye rifampisini na isoniazidi. Rifampisini ndiyo inayogeuza mkojo ukawa wa machungwa au mwekundu, na si mkojo tu, machozi na jasho pia. Kliniki bila shaka walikwambia siku ya kwanza usishtuke. Bwana wa ofisini hakuambiwa, akadhani umetia kitu kwenye kikopo. Anayejua kazi hii hatazami rangi akahukumu. Anaandika kwenye fomu kuwa rangi si ya kawaida, kisha anatazama joto. Marekani, ambako kupima madereva wa magari makubwa kabla ya kuajiriwa ni lazima, kikopo hubandikwa kipimajoto, na ndani ya dakika 4 mkojo unatakiwa usome kati ya nyuzi 32 na 38. Mkojo ulioletwa na chupa mfukoni ni kazi kuupatia joto hilo. Wako ulikuwa umetoka mwilini mwako sasa hivi, kipimajoto kingekutetea bila ya wewe kusema neno.

Tuje kwenye kidude chenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapodhulumiana bila kujua. Kile ni kaseti yenye vipande kadhaa vya karatasi, kila kipande na dawa yake. Juu ya kila kipande kuna herufi: THC ni bangi, COC ni kokeni, AMP ni amfetamini, BZO ni dawa za jamii ya valiamu, MOP au OPI ni opiati, yaani mofini na ndugu zake. Kila kipande kina sehemu mbili za kutoka mstari, C na T. Mstari wa C unasema kipande ni kizima na mkojo umepita. Mstari wa T ndio wenye habari.

Ichukulie hivi. Ndani ya karatasi mna daladala zilizopakwa rangi, ndizo kingamwili. Kwenye T kuna kituo ambacho abiria wameshapangwa wakisubiri, na abiria hao ni dawa yenyewe iliyopakwa pale kiwandani. Mkojo ukiwa safi, daladala zinafika kituoni tupu, zinasimama, zinajazana pale, na rangi yao ndiyo unayoiona kama mstari. Mkojo ukiwa na dawa, daladala zimeshajaa abiria njiani, zinapita kituo bila kusimama, na mstari hautoki. Kwa hivyo mistari miwili ni salama. Mmoja, wa C peke yake, ndio wa shaka.

Kipimo cha malaria kinasomwa kinyume cha hivyo, na cha mimba vilevile: mistari miwili, unao. Mtu aliyezoea hivyo akipewa kaseti ya dawa za kulevya bila mafunzo, mkono wake unaandika kinyume. Niliwahi kuitwa yadi moja, jina nalihifadhi, asubuhi moja madereva sita wamepimwa na watano "wamekutwa nazo". Aliyepima alikuwa mtunza stoo, na alikuwa mtu mwema tu, aliwahi kusaidia kampeni ya malaria. Nilipozigeuza kaseti zile kwenye dawati lake, watano walikuwa na mistari miwili kila mahali. Yule mmoja aliyepewa funguo za gari ndiye aliyekuwa na mstari mmoja, kwenye BZO.

Kwako bwana yule alisema mstari haukutoka, basi huenda amesoma sawa. Lakini nataka ujikumbushe mambo mawili. Kwanza, haukutoka kabisa, au ulitoka umefifia kama penseli iliyofutwa? Mstari uliofifia unahesabiwa ni mstari. Hakuna "nusu anatumia". Pili, alisoma baada ya muda gani? Kaseti nyingi husomwa dakika ya tano, na zikipita dakika kumi hazifai kusomwa tena. Ukiachwa kwenye benchi mpaka bosi arudi kutoka swala ya adhuhuri, kinachosomwa pale hakina thamani.

Halafu neno "unga". Kaseti ile haiwezi kusema unga. Kipande cha opiati kinanusa mofini na kodeini kwa pamoja, na heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, kwa hiyo inashikwa humo humo. Ni kama mbwa wa mlangoni: anabweka kwa mwizi, anabweka kwa shemeji aliyekuja na kapu la maembe. Anayetaka kujua ni nani lazima atoke na taa.

Tena mbwa wenyewe hawalingani ukali. Kaseti iliyoandikwa MOP kwa kawaida inashtuka kuanzia nanogramu 300 kwa mililita moja ya mkojo, na iliyoandikwa OPI inashtuka kuanzia 2000. Mkojo mmoja, siku moja, unaweza kuanguka kwa hii na kufaulu kwa ile. Wamarekani walikuwa na 300 mpaka mwaka 1998, wakapandisha kufika 2000, na sababu kubwa ilikuwa watu wasio na hatia: wengine walikuwa wamekula mikate yenye mbegu za mpopi, wengine wamekunywa dawa za kawaida zenye kodeini. Ukipata nafasi ya kuona boksi la kile kidude, tazama herufi hizo kabla ya kitu chengine chochote.

Sasa kwako wewe nina washukiwa wawili. Wa kwanza ni rifampisini. Imeandikwa kwenye taaluma yetu kwamba dawa hii inaweza kuamsha kipimo cha awali cha opiati ingawa haina ukoo wowote na afyuni. Si kila aina ya kipimo, baadhi tu, na ndiyo maana siwezi kukuapia kuwa ndiyo iliyokuangusha. Wako pamoja nayo antibayotiki za jamii ya siprofloksasini na levofloksasini, nazo zina tabia hiyo kwenye baadhi ya vipimo.

Wa pili ni ile dawa ya maji, na huyu namshuku zaidi. Itafute chupa hata kama imeshaisha. Soma maandishi madogo ubavuni. Ukiona kodeini, au kodeini fosfeti, jibu umelipata: kodeini ni opiati ya kweli, mwili unaigeuza kiasi fulani kuwa mofini, na kaseti ikisema ipo inasema kweli. Hapo hukusingiziwa. Ulichokosewa ni kuitwa mtumia unga. Na hapa uniwie radhi, ndugu yangu, nami nikusute kidogo. Dawa ya kodeini haitakiwi kutolewa dukani kama pipi bila karatasi ya daktari, na mgonjwa wa TB anayebanwa na kikohozi mwezi wa nne mahala pake ni kliniki aliyoandikishwa. Zaidi ya hayo kodeini inalewesha usingizi. Ukiwa na tani ishirini mgongoni saa saba mchana, watoto wametoka skuli wanatembea ukingoni mwa barabara, mwajiri ana haki ya kutotaka hiyo kodeini ndani ya kichwa chako hata kama ni halali kabisa. Mimi ni katika wanaotaka madereva wapimwe. Ninachokataa ni kupimwa hovyo.

La kufanya ni hili, na uzuri wake ni kwamba linajibu kwa vyovyote. Usiinywe tena ile dawa ya kikohozi. Vidonge vya TB meza kama kawaida. Kodeini hutoka kwenye mkojo kwa siku mbili tatu hivi, tuipe wiki nzima. Baada ya wiki omba upimwe upya, kwa kaseti ya aina ile ile, na mkojo huo huo upelekwe maabara kwa kipimo cha uthibitisho. Kaseti ikinyamaza, chupa ndiyo iliyosema mara ya kwanza. Kaseti ikibweka tena, na maabara isikute mofini wala kodeini, basi ni rifampisini, na una ushahidi mkononi. Na kama maabara itakuta mofini ilhali wiki nzima hukunywa kitu, hapo maneno yangu yote ya juu yamekwisha, na wewe unajua kwa nini.

Kipimo cha uthibitisho hakitumii karatasi. Ni mashine ya kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Inazitenganisha molekuli moja moja na kuzipima uzito, kwa hiyo rifampisini haiwezi kujifanya mofini mbele yake. Mashine hiyo pia ndiyo inayotofautisha mnywaji wa dawa ya kikohozi na mtumia heroini. Heroini inaacha alama yake peke yake, inaitwa monoasetilimofini, ambayo kodeini haiwezi kuitoa kabisa. Tatizo lake alama hiyo hukaa saa chache tu kisha ikaondoka, kwa hivyo ikikutwa imethibitisha, isipokutwa haijamsafisha mtu. Vielelezo vya dawa za kulevya vya kesi za huku kwetu hupita kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar. Anzia hapo kuuliza utaratibu na malipo. Kama wataona inafaa kukuelekeza kwengine, watakuelekeza.

Najua kinachokuuma zaidi ya mstari ni kuitaja TB mbele ya mtu wa ofisini. Haya yako naielewa. TB huku bado inanong'onwa. Kwa jambo hili naupenda utaratibu wa Marekani kuliko mambo yao mengine yote. Jibu la maabara kule haliendi moja kwa moja kwa mwajiri. Linaenda kwanza kwa daktari maalumu, na yeye anampigia dereva faragha: unameza dawa gani, nani kakuandikia, nionyeshe. Akiridhika kuwa dawa ni halali, mwajiri anaandikiwa kuwa dereva hana kitu, basi. Jina la ugonjwa halimo. Kama anaona dawa yenyewe ina hatari barabarani, hilo analisema mbali, kama suala la usalama. Tena dereva aliyekutwa na kitu ana saa 72 za kudai chupa ya pili ipimwe na maabara nyengine, maana mkojo wake tangu mwanzo uligawanywa, mililita 30 chupa moja na 15 chupa ya pili, zote zikatiwa lakiri mbele ya macho yake.

Wako sidhani kama uligawanywa. Nadhani umeshamwagwa msalani siku ile ile.

Huku hatuna daktari wa namna hiyo kwa madereva, lakini hakuna anayekukataza kumtengeneza wako. Nenda kliniki yako ya TB Pemba, mwombe daktari barua. Haina haja ya kutaja ugonjwa. Inatosha aandike kuwa fulani yuko chini ya matibabu yetu, anatumia dawa aliyoandikiwa ambayo hubadilisha rangi ya mkojo na inaweza kuingilia vipimo vya awali vya opiati, na kwamba dawa hiyo haimzuii kuendesha gari. Hayo yote ni kweli, na hakuna lililozidi. Mwenye maswali ampigie daktari. Kliniki wenyewe watakwambia kama hali yako inaruhusu kazi. Mtu aliyemeza dawa vizuri miezi mitatu na ushei kwa kawaida haambukizi tena, na ukiwa na nguvu zako gari utaliendesha.

Na kwa mabwana wa mayadi wanaosoma hapa, maana najua wapo: kama mnataka kupima, pimeni kama watu wazima. Muulizeni dereva dawa anazotumia, ajibu kwa muuguzi, asijibishwe mbele ya foleni. Kikopo kifungwe na kuandikwa jina yeye akiwa anaona. Mtu asisimamiwe anapojisaidia. Haja ina stara yake, na hata huko Marekani kusimamiwa ni kwa sababu maalumu zilizoandikwa. Maji ya chooni yatieni rangi ya buluu, ili asiyachote akachanganya, na hilo linatosha. Na msipange vipimo mchana wa Ramadhani. Aliyefunga mkojo wake mchache na mzito, pengine hautoki kabisa. Dereva wa kule mkojo ukigoma hupewa saa tatu na maji kama lita moja na robo ayanywe kidogo kidogo. Wa kwetu mtampa maji gani saa nane mchana naye kafunga?

Madereva wengine wamekuwa wakiniuliza mambo ya kandokando, nayajibu kwa haraka nikiwa hapa. Tambuu, popoo, ugoro na kuberi havionekani kwenye kaseti hizi. Mirungi pia kaseti ya kawaida haina kipande chake, lakini msishangilie, maabara inaikuta, na sheria yetu inaikataza hata kama Kenya inauzwa sokoni. Tramadoli, ile dawa ya maumivu, haishikwi na kipande cha opiati. Ina kipande chake, na mayadi yameanza kukinunua. Methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, vilevile ina chake, kwa hiyo ndugu anayekunywa methadoni yake kliniki ya Kidongo Chekundu aseme mapema na awe na karatasi. Bangi ya mara moja huonekana siku tatu hivi, ya kila siku inaweza kukaa mwezi na kuzidi. Kukaa na mvutaji barazani kwenye upepo hakukuangushi. Na wale wanaokunywa ndoo ya maji asubuhi ya kipimo: maabara inapima kreatinini, yaani taka ya mwili ambayo kila mkojo wa kweli huwa nayo, tunaona kabisa kuwa mkojo ni maji, na unarudishwa kupima tena ukiwa umeshaacha picha mbaya.

Tukirudi kwako. Kukutwa na mstari mmoja ofisini si kesi. Hukushikwa na kitu na hakuna aliyekushitaki, kwa hivyo lala usingizi. Kama yadi itakataa hata kukupima upya pamoja na barua ya daktari, nenda Kamisheni ya Kazi, wana watu Pemba pia, ueleze ulivyopimwa hatua kwa hatua: nani alishika kikopo, kilifungwa au la, kilisomwa baada ya dakika ngapi, uliulizwa dawa au hukuulizwa. Yaandike leo, kabla hujaanza kusahau. Kisha kadi ya kliniki, pakiti tupu za vidonge na ile chupa ya kikohozi vitie kwenye mfuko mmoja, na ukipanda boti kuja Unguja mfuko huo ukae nawe, usiutie kwenye mzigo wa chini.